Hergé: alichora Kongo bila kukanyaga hapa hata siku moja

Wengi wetu tulimjua Tintin mbele ya kumjua mwenye kumchora. Kijana mwenye nywele zilizosimama kwenye paji la uso, suruali ya kuishia chini ya magoti, na kambwa keupe kanamfuata kila pahali. Hata mtoto ambaye hajafungua kitabu chake anaweza kumtambua kwenye tisheti, ao kwenye sanamu za mbao ambazo wachongaji wa Kinshasa wanauzishia wageni.

Mwenye kumchora aliitwa Georges Remi. Dunia inamjua kwa jina la Hergé. Alifariki tarehe 3 mwezi wa tatu 1983, zaidi ya miaka makumi ine sasa, lakini kitabu chake kimoja, Tintin au Congo, kila mara kinarudisha maneno. Leo tunasimulia maisha yake, na tunayasimulia kutoka huku Ituri, juu iko kipande katika hadisi yake kinachogusa watu wa mashariki kuliko vile wengi wanafikiri.

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa tano 1907 kule Etterbeek, pembeni ya Bruxelles. Baba yake alikuwa mtumishi katika kampuni ya nguo za watoto. Haikuwa jamaa tajiri, na haikuwa ya kulala njaa. Yeye mwenyewe, akiwa mtu mzima, alikumbuka utoto wake kama kitu cha rangi ya majivu, hakuna furaha mingi. Alipokuwa na miaka saba Wajerumani waliingia Ubelgiji, na huyu mtoto akaanza kuchora chini ya kurasa za daftari zake za masomo: kijana anayewachezea Wajerumani michezo mibaya na kuwaponyoka. Mwalimu alifundisha, yeye anachora.

Kitu kilichomtoa katika ile rangi ya majivu ni uskuti. Sawa vile maskuti wa hapa kwetu, kila mmoja alipewa jina la nyama. Yeye alipewa la Mbweha Mdadisi, na kwa mtu aliyekuja kuishi kwa kuangalia na kunakili, jina lilimpata vizuri. Alianza kuchora kwa gazeti la maskuti. Mwaka 1924 akaanza kutia sahihi Hergé: unachukua herufi za kwanza za Georges Remi, unazigeuza, R kisha G, na unazisoma Kifaransa. Mwaka 1926, katika gazeti lile lile, akamtoa Totor, mkubwa wa kikundi cha maskuti, anayesafiri na kupambana na wezi. Totor ni kama kaka mkubwa wa Tintin.

Kazi ya mshahara aliipata 1925 katika gazeti la Kikatoliki Le Vingtième Siècle. Usifikiri walimwajiri kuchora. Alikuwa ofisini mwa wenye kulipia gazeti, anaandika majina na anwani. Kisha akaenda jeshini. Aliporudi, mkubwa wa gazeti, Padri Norbert Wallez, alimpa nafasi. Wallez alikuwa mtu wa nguvu, mwenye kumpenda sana Mussolini, na alikuwa na usemi mkubwa juu ya kijana Remi, hata juu ya ndoa yake: Germaine Kieckens, ambaye Hergé alimuoa mwaka 1932, alikuwa sekretere wa padri huyo. Mwezi wa kumi na moja 1928 gazeti likaanza kutoa karatasi ya watoto, Le Petit Vingtième, na Hergé akaiongoza. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1929 Tintin akatokea humo, pamoja na mbwa wake.

Tusimame kidogo kwa huyu mbwa, Milou. Jina lake Hergé alilitoa kwa binti mmoja aliyempenda zamani, Marie-Louise, aliyeitwa kwa kifupi Milou. Katika vitabu vya kwanza yeye ndiye mchekeshaji. Anaongea, ananung'unika, anajisifu, anaogopa buibui, halafu dakika ya mwisho anakata kamba na kumwokoa bwana wake. Ukiondoa Milou katika vitabu vile, inabaki kijana mmoja anakimbiza majambazi, na watoto wanalala usingizi. Ni baadaye tu, 1940 na 1941, alipoingia Kapiteni Haddock na matusi yake, ndipo ucheshi ulihamia kwa mtu na Milou akarudi kuwa mbwa.

Basi, Kongo. Hergé alitaka Tintin aende Marekani. Padri Wallez alikataa: kwanza koloni. Alitaka watoto wa Ubelgiji waipende Kongo, na siku moja wakubali kuja kufanya kazi huku. Hadisi ikaanza tarehe 5 mwezi wa sita 1930, kurasa mbili kila juma, ikaendelea mwaka mzima. Hergé alikuwa na miaka 23. Hakupanda meli. Alienda kuangalia jumba la vitu vya Kongo kule Tervuren, karibu na Bruxelles, akasoma habari za wamisionari, akasikia yale Wabelgiji walikuwa wanasema juu yetu mezani. Ile ndiyo ilikuwa safari yake.

Na huku kwetu mwaka ule? Dhahabu ilikwisha kuonekana Kilo tangu 1903, na tangu 1926 kampuni ya Kilo-Moto ilikuwa inaichimba kwa maelfu ya watu. Machifu walilazimishwa kutoa vijana. Wengine walipelekwa mugodini, wengine barabarani, wengine kubeba chakula kichwani kwa kulisha wachimbaji. Wazee wa Djugu na Irumu walipokea hizo habari kutoka kwa wazazi wao. Wakati mtoto wa Bruxelles alikuwa anacheka Tintin akivuka Kongo kwa gari, barabara ya hivyo hapa ilikuwa inatengenezwa kwa mikono ya watu ambao hawakuulizwa kama wanataka.

Hadisi yenyewe ni ya majambazi. Kuna mtu mbaya mmoja, Tom, mwenye kujificha ndani ya meli, na nyuma yake kikundi cha Al Capone wa Chicago, kinachotaka kunyakua almasi za Kongo. Tintin na Milou wanawavunja, na Tom anaishia kwa mamba. Mpaka pale ni mchezo wa watoto. Tena, kama unafikiri kidogo, ni jambo la kushangaza kwamba mtu asiyejua kitu juu ya Kongo alipatia hili moja: wageni wenye silaha wanaofuata mawe ya thamani.

Shida ni watu. Weusi wote wana uso mmoja, midomo mikubwa, Kifaransa cha kuvunjika. Kuna pahali gari ya Tintin inagongana na treni, na treni ndiyo inaanguka, juu ni kadogo na kabovu. Tintin anawaamuru abiria waiinue. Na nani anawakaripia kwamba ni wavivu, wafanye kazi? Milou. Mbwa. Katika kitabu hiki nyama inasimama juu ya watu, na watoto wa Ubelgiji walifundishwa kucheka pale pale. Mimi naona ile ndiyo ukurasa mbaya kuliko zote, hata kuliko ule wa mwisho ambapo wanakijiji wanainamia sanamu za Tintin na Milou.

Majina nayo ni mchezo. Babaoro'm, jina la kabila, ni keki ya Kifaransa yenye rum. Lakini jina moja si la kutungwa: mchawi mbaya wa hadisi anaitwa Muganga. Hapa Bunia tunajua munganga ni nani. Ni mtu unayemkimbilia saa nane ya usiku mtoto akichemka homa. Kitabu kikageuza jina hilo kuwa la mdanganyifu anayetaka kuua, na dawa ya kweli ikawa ya Tintin, kidonge cha kinini.

Huyo Muganga anashirikiana na watu wa chui, Anioto. Hapa ndipo hadisi inakuja karibu na nyumba zetu. Hergé aliiona sanamu Tervuren, kazi ya Paul Wissaert: mtu amevaa nguo ya madoadoa, kucha za chuma mkononi, anainama juu ya mtu aliyelala. Ile haikutoka hewani. Anioto walikuwako kweli, kwa Wabali upande wa Bafwasende na kwa majirani zao wa msitu wa Ituri, na baadaye mauaji ya namna ile yalisumbua Beni pia. Wauaji walijificha katika alama za chui. Wazungu walifanya yote kuwa uchawi na giza. Wenye kuchunguza baadaye walionyesha kwamba mingi ilikuwa siasa: ugomvi wa uchifu, kisasi, na hasira juu ya machifu waliowekwa na serkali ya wakoloni. Lakini ndani ya kitabu, mtu wa chui ni mchekeshaji tu, anashikwa na nyoka, anaokolewa na Tintin, anaomba msamaha. Damu ya watu wetu na sababu zake vyote viliachwa nje.

Hadisi ilipokwisha, mwezi wa saba 1931, gazeti lilipanga sherehe ya kumpokea Tintin kwenye gare ya Bruxelles: kijana aliyevaa kama yeye, Wakongomani kumi, na nyama wa kuajiriwa. Watu walijaa. Hergé akajua kwamba amepata kazi ya maisha.

Mwaka 1934 alifanya kitu kidogo ambacho leo wachache wanakijua, kitabu cha nyama watupu. Popol na Virginie ni dubu wawili. Biashara ya kofia ya Popol haiendi, kwa hiyo wanafunga safari mpaka magharibi ya Marekani, katika nchi ya Walapino, ambao ni sungura, na huko wanapambana na majambazi. Ni cha kuchekesha kweli kweli, na ukisoma unaona dubu na sungura wanapewa akili, hasira na haki ambazo watu wa Kongo hawakupewa miaka mine mbele. Lakini Hergé alichoka na nyama wanaovaa nguo. Aliona ni njia isiyomfikisha mbali, akaiacha.

Mwaka ule ule ndipo lilitokea jambo lililombadilisha. Alikuwa ametangaza kwamba Tintin ataenda China. Padri mmoja aliyesimamia wanafunzi wa Kichina kule Louvain akamwandikia kumwomba asije akarudilia uongo unaosemwa juu ya Wachina, akamkutanisha na mwanafunzi wa sanaa, Zhang Chongren. Kila siku ya Mungu Zhang alikuja nyumbani kwake. Alimwonyesha namna ya kushika burashi, namna ya kuchora mti na upepo, na akamweleza mambo Wajapani walikuwa wanafanya katika nchi yake. Kitabu kilichotoka, Le Lotus bleu, kina maandishi ya Kichina ya kweli ukutani, na ndani yake Tintin na rafiki yake Mchina wanacheka pamoja ujinga ambao Wazungu wanaamini juu ya China. Tangu pale Hergé hakuchora tena nchi bila kutafuta picha, vitabu na watu wa kumweleza.

Kwa hiyo swali linabaki: kwa nini Kongo haikupata Zhang wake? Hakukuwa na mwanafunzi Mkongomani Louvain miaka ile. Wabelgiji hawakuwaruhusu watu wetu kwenda kusoma masomo ya juu kule. Hata padri mweusi alikuwa jambo la kuhesabu kwa vidole. Hakuna aliyeweza kubisha mlango wa Hergé na kumwambia: ndugu, hapa umekosea. Lakini hilo halimwoshi mikono. Padri wa Louvain aliandika barua moja tu, na ikatosha. Hergé mwenyewe angeweza kuuliza.

Vita ya pili ilipokuja, gazeti lake lilifungwa mwezi wa tano 1940. Akahamia Le Soir, gazeti kubwa lililokuwa mikononi mwa Wajerumani. Kwa pesa na kwa umaarufu ilikuwa miaka mizuri. Watu walitafuta gazeti juu ya Tintin, na pamoja na Tintin walikula propaganda. Katika hadisi ya nyota iliyoanguka baharini, aliyoitoa 1941 na 1942, alichora tajiri mbaya mwenye jina la Kiyahudi, wakati Wayahudi wa Ubelgiji walikuwa wanaanza kuwindwa. Mwezi wa tisa 1944 nchi ilipofunguliwa alishikwa mara kadhaa, akalala usiku mmoja gerezani, akakatazwa kuandika katika magazeti. Hakuhukumiwa. Aliyemtoa ni Raymond Leblanc, mtu aliyepigana na Wajerumani kwa siri na ambaye sasa alitaka kufanya gazeti la watoto. Gazeti Tintin lilitoka mwezi wa tisa 1946.

Mwaka ule ule alichora upya kitabu cha Kongo, kwa rangi na kwa ufupi. Zamani Tintin aliingia katika masomo ya misioni na kuwafundisha watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika toleo jipya anawafundisha hesabu, mbili na mbili. Alifuta ukoloni kwenye ubao, sura za watu akaziacha. Mtoto anayesoma leo hawezi kujua kilichokuwa kimeandikwa pale, na mimi nasema afadhali ya zamani, ambayo angalau ilikuwa inajionyesha wazi.

Miaka iliyofuata ndiyo ya utukufu. Studios Hergé zilianzishwa 1950, na wachoraji wa kumsaidia. Tintin alifika mwezini katika kitabu cha 1954, miaka 15 mbele ya Armstrong. Lakini mwenyewe alikuwa anaanguka. Alipotea nyumbani kwa majuma, alikuwa na huzuni nzito, ndoa yake ilivunjika juu ya kumpenda Fanny Vlamynck, mchanganya rangi wa studio, ambaye alikuja kumuoa 1977. Usiku aliota weupe mtupu unaomfunika. Munganga wa akili alimshauri aache kazi. Yeye akachora Tintin au Tibet, kitabu cha theluji tupu, bila jambazi hata mmoja: Tintin anamtafuta rafiki yake Mchina aliyeanguka na ndege, na yeti, nyama ya kutisha, ndiye aliyemlisha yule mtoto asife. Wengi wanakiona kuwa kizuri kuliko vyote. Nami niko upande wao.

Weusi alirudi kuwachora 1958, katika Coke en stock, kitabu cha kupinga biashara ya watumwa. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo aliwasemesha tena Kifaransa cha kuvunjika, gazeti Jeune Afrique likamkosoa 1962, na 1967 akasahihisha lugha. Kuhusu Kongo, vitabu vya kwanza alikuja kuviita makosa ya ujana: alikuwa kijana, amejazwa mawazo ya mazingira yake. Baada ya uhuru wetu kitabu kile kilikuwa kigumu kupatikana kwa miaka, mchapishaji anaogopa. Kisha mwisho wa 1969, gazeti Zaïre la Kinshasa ndilo likakitoa, likieleza kwamba Wakongomani wanacheka ujinga wa mzungu. Mwaka uliofuata kikarudi madukani Ulaya.

Kitu kilichokuja kusahihishwa zaidi, kweli, ni nyama. Ndani ya kitabu Tintin anaua swala wengi, tembo kwa pembe zake, na kifaru anamtoboa mgongo na kumtia fataki mpaka anapasuka. Mwaka 1975 wachapishaji wa nchi za kaskazini ya Ulaya walikataa ukurasa wa kifaru. Hergé akauchora upya: kifaru anagusa bunduki, inalia, anakimbia zake. Kifaru akapona. Watu hakuna aliyeomba wachorwe upya.

Mwezi wa tatu 1981 Zhang Chongren alifika Bruxelles, baada ya miaka zaidi ya makumi ine ya kutoonana. Wakapigwa picha mbele ya televizyo, wazee wawili, mmoja amekwisha konda kwa ugonjwa wa damu. Miaka miwili mbele Hergé alikuwa kaburini, makaburi ya Dieweg kule Uccle. Aliacha kitabu kimoja katikati, na neno kwamba hataki mtu mwingine amchore Tintin nyuma yake. Mpaka leo neno lake linafuatwa.

Mwaka 2007 Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongomani aliyekuwa anaishi Bruxelles, alifungua mashtaka kitabu kizuiliwe, ao angalau kiwekewe onyo. Kesi ilivuta miaka mitano. Mwaka 2012 tribinali ilimkatalia, na mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule mahakama ya rufani nayo ikasema hapana: kitabu ni cha wakati wake, hakikutaka kuchochea chuki. Lile onyo, ao kitu kinachofanana nalo, lilikuja kwa mlango mwingine. Toleo la 2023 liko na maelezo mbele juu ya ukoloni. Nayo sanamu ya mtu wa chui, Tervuren iliiondoa katika vyumba vikubwa ilipofunguliwa upya mwezi wa kumi na mbili 2018. Sasa iko pamoja na sanamu zingine za aina ile, katika chumba cha stoki.

Katika miaka ya 1980 kijana wa Kisangani, Barly Baruti, alipitia Studios Hergé kwa mafunzo. Mwaka 2014, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, alitoa Madame Livingstone, bédé ya vita ya kwanza kwenye ziwa Tanganyika. Afisa Mbelgiji anatafuta meli ya Wajerumani, na anapewa kiongozi wa safari mwenye kuvaa sketi ya Waskoti, anayesema ni mtoto wa Livingstone. Katika kitabu hicho mzungu ndiye anapotea njia na kuuliza maswali, na mtu wa hapa ndiye anamjibu.